Nani Ameshusha Paa?

Wapo watu ambao muuza duka akiwatabasamia, nao hutabasamu, wakachukua chao wakaenda. Kagua akitabasamiwa dukani huirudisha bidhaa mezani, akaipindua chini juu na kutafuta ufa. Huyo ndiye mtu wetu. Jina alilopewa na wazazi wake analijua mkewe na ofisi iliyompa kitambulisho. Hili la Kagua alibandikwa na mafundi wenzake, maana hapiti mlangoni bila kujaribu kitasa, wala hamkaribishi mgeni kiti kabla ya kukitikisa yeye mwenyewe. Wageni wengine hudhani ni heshima.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitanda vya hospitali, vile vya kuinuliwa upande wa kichwa kwa kuzungusha mpini. Katika kazi hiyo wasiwasi ni mali. Fundi anayeamini kila kiungo alichochomelea atakuja kumwangusha mgonjwa aliyetoka kushonwa tumbo, na Kagua hakuamini kiungo hata kimoja. Kila kitanda alikipanda kabla hakijatoka karakana, akalala chali, akajirusharusha juu yake kama mtoto aliyenyimwa pipi, mafundi wenzake wakivunjika mbavu pembeni. Hakuwajali. Alichojali ni kwamba kitanda chake kikiinuliwa, kilibaki kimeinuka.

Ndiyo sababu Injinia alimjia. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi kilichotazamana na karakana, mama wa makamo aliyezungumza upesi na kuchora huku akizungumza. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wanaunda gari la mashindano linalokwenda kwa nguvu ya jua: jepesi, kiti kimoja, magurudumu membamba, na juu paa pana lililotandazwa paneli za sola kutoka mbele hadi nyuma. Likiwa mbioni, paa lilitakiwa lilale chini ili upepo usilizuie gari. Likisimama kituoni kuchaji betri, paa lilitakiwa liinuke upande wa nyuma na kulitazama jua. Mbele walikwisha kutia bawaba. Nyuma hawakuwa na kitu.

"Nataka nguzo mbili," Injinia akasema. "Ziinuke, zishuke, zisimame popote ninapotaka, na zikisimama zisiteleze."

"Mafundi wamejaa mji mzima. Kwa nini umenifuata mimi?"

"Kwa sababu vitanda vyako havishuki."

Kagua akaigeuza sifa hiyo kichwani njia nzima ya kwenda nyumbani, akitafuta mahali ilipofichwa ndoana. Sifa tupu, ya bure, mchana kweupe? Aliamua atakataa. Lakini alipofika alimkuta binti yake, aliyekuwa anasoma chuo hicho hicho, ameketi jikoni na mama yake, wote wawili wamenyamaza kwa namna ile ya watu wanaojua jambo.

"Baba," binti akasema, "Injinia amekueleza dereva ni nani?"

Hakuwa amemweleza. Binti alikuwa mwepesi na mfupi, na katika majaribio ya kuchagua dereva aliwaacha wenzake wote nyuma. Kagua akakaa chini taratibu. Kwa hiyo paa lile, pamoja na vioo vyake na fremu yake, lingekuwa juu ya kichwa cha mtoto wake, na cha kulizuia ni nguzo mbili za fundi asiyejulikana. Kesho yake alifika chuoni kabla mlinzi hajafungua geti.

Nguzo zile hazikuja kirahisi. Kwanza alileta bomba ndani ya bomba, lenye matundu yaliyopangwa na pini ya kuchomeka, kitu imara. Injinia akatikisa kichwa: jua haliendi kwa matundu, akasema, likiwa kati ya tundu na tundu, chaji inapotea bure. Kagua akarudi na skrubu ndefu ya kuzungusha, ile ile ya vitandani. Injinia akaiweka kwenye mizani, akamwonyesha mshale: nzito mno. Kagua alinuna kutwa nzima, lakini mizani aliikagua na ilikuwa sahihi.

Mwishowe walikaa benchi moja, yeye na vyuma vyake, Injinia na penseli yake, wakatoka na kitu ambacho hadi leo kila mmoja anadai ni wazo lake. Lilikuwa bomba la alumini ndani ya bomba jingine, na mdomoni mwa lile la nje kibano kilichopasuliwa ubavu, chenye mkono mfupi wa kukazia, sawa na kile kinachoshika siti ya baiskeli. Ukiufungua mkono, bomba la ndani linapanda na kushuka. Ukiufunga, kibano kinaling'ata na paa linasimama hapo hapo. Kwa kuwa kilicholishika paa ni msuguano peke yake, mabomba yalipaswa kuwa safi na makavu. Kagua aliandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa: MABOMBA YASIGUSWE NA MAFUTA. Chini yake akaongeza: HATA KIDOGO.

Paneli nazo zilihitaji fundi umeme, na hapo akaja shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake daima ndani ya glavu za kitambaa ili asiache alama za vidole kwenye vioo. Wawili hawa walikuwa wamekula sahani moja tangu Kagua alipooa. Lakini shemeji hakuficha kwamba halipendi gari lile. "Mpwa wangu huyu nimembeba mgongoni," alisema siku moja mezani. "Angeendesha mwingine ningelala vizuri zaidi." Wote walicheka. Kagua pia alicheka, ila neno lile aliliweka akiba.

Jioni moja kabla ya kuondoka alilikaza paa na kupiga mstari mwembamba wa penseli kwenye bomba, pale lilipoingia kwenye kibano. Asubuhi mstari haukuonekana. Ulikuwa umezama ndani. Paa lilikuwa limeshuka upana wa kiganja.

Mtu mwingine angeuliza. Angesimama katikati ya chumba na kusema, jamani, nani ameshusha paa? Na pengine angejibiwa kabla hajafunga mdomo. Lakini mwenye wasiwasi haulizi, kwa sababu akiuliza atajibiwa, na jibu nalo atalitilia shaka. Kagua aliinua paa kimya kimya, akalikaza, akapiga mstari mpya, na kuanzia hapo akawa anatazama watu badala ya kazi.

Aliwatazama wote. Mlinzi alikuwa na funguo za kila mlango, na alipomsalimia Kagua asubuhi alimsalimia kwa uchangamfu mno. Mtu aliyekesha kazini anachangamkia nini? Wanafunzi walikuwa wanacheka kila wakimwona, ingawa kusema haki walikuwa wanacheka tangu mwanzo. Injinia naye alikuwa na tabia ya kuleta wageni, walimu wa vyuo vingine vilivyoingia mashindano yale yale, waliozunguka gari wakipiga picha. Mmoja wao, bwana mwenye miwani, aliinama kwenye nguzo na kuuliza kwa adabu kibano kile kinakazwa kwa nguvu kiasi gani.

"Inategemea," Kagua akajibu.

"Inategemea nini?"

"Inategemea nani anauliza."

Bwana wa miwani akadhani ni mzaha, akacheka na kumpiga bega. Kagua hakucheka. Aliliangalia bega lake mpaka mgeni alipoondoka, na mchana huo alikula chakula chake mgongo ukiwa ukutani, asije mtu akampitia nyuma.

Jioni ile akabuni mtego. Alitwaa grisi kidogo kwenye ncha ya kidole, akaipaka kwenye bomba la ndani la kila nguzo, ile sehemu iliyobaki nje juu ya kibano, akaisambaza hadi ikawa utando usioonekana ila kwa tochi. Mtu akilishika bomba, ataacha vidole vyake pale. Kibano chenyewe hakukigusa, na aliona hilo linatosha kuheshimu yaliyoandikwa ubaoni. Sheria aliiweka yeye, na atakayeipinda kidogo kwa sababu nzuri ni yeye. Asubuhi angefuta kwa kitambaa kabla wenzake hawajafika, na hakuna ambaye angejua.

Asubuhi iliyofuata mambo yalikuwa shwari: mstari pale pale, grisi haina alama. Akafuta. Mchana kutwa wanafunzi walifanya mazoezi ya kuinua na kushusha paa, kama kawaida yao, bomba likiingia na kutoka ndani ya kibano. Jioni akapaka tena. Alipoingia asubuhi ya pili, mstari ulikuwa umezama.

Akawasha tochi. Utando wa grisi ulikuwa laini, bila hata alama ya ukucha. Paa limeshuka, na hakuna aliyelishika! Basi adui huyu hakuwa mjinga. Adui huyu alijua kuna mtego, na aliifanya kazi yake bila kuacha vidole.

Ikaendelea hivyo. Kila asubuhi paa lilishuka zaidi, na kadiri lilivyoshuka Kagua aliongeza grisi ili alama zionekane wazi zaidi. Mkono wa kibano aliukaza hadi kiganja kikamuuma. Alikonda. Mkewe alipomuuliza kinachomsumbua alisema ni mgongo, naye mkewe, aliyemjua vizuri, akamjibu kwamba mgongo hauzungumzi peke yake bafuni.

"Nazungumza nini?"

"Vidole. Vidole, vidole, vidole. Baba watoto, kama una jambo, liseme."

"Sina jambo," Kagua akasema, akatoka kwenda kuangalia kama dirisha limefungwa.

Siku moja alisimama mlangoni mwa chumba cha gari akimtazama shemeji anafunga nyaya. Shemeji alimaliza, akavua glavu, akazikunja, akazitia mfukoni. Kagua akaganda pale pale. Glavu! Ni nani mwingine katika jengo lile anayeshika vitu bila kuacha vidole? Na lile neno aliloliweka akiba likatoka lenyewe: angeendesha mwingine ningelala vizuri zaidi. Basi yote yakaingiana. Shemeji hataki binti aendeshe. Paa likionekana halishiki, wasimamizi wa mashindano watalikataa, na binti atabaki nyumbani salama. Aibu itakuwa ya nani? Ya fundi wa nguzo, wa nani tena.

Angemvuta pembeni, pengine haya yote yangekuwa madogo. Hakumvuta pembeni. Alingoja hadi Injinia na wanafunzi wamekusanyika kuzunguka gari, binti yake akiwamo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake:

"Shemeji, wewe ndiye unayeshusha paa."

"Paa gani?"

"Usijifanye hujui. Kila siku nalikuta chini. Unakuja na hizo glavu zako, unalegeza kibano, unaenda zako. Unataka mtoto atolewe kwenye gari."

Shemeji alimtazama, halafu akamtazama mpwa wake, kana kwamba huyo ndiye aliyestahili jibu.

"Unaamini mimi naweza kulegeza kitu kilicho juu ya kichwa cha huyu?" akauliza.

"Sijui cha kuamini. Nasema ninachokiona."

"Umeniona?"

Kagua akababaika. "Nimeona hakuna alama," akasema, na wanafunzi wawili wakatazamana. Shemeji hakucheka. Alipanga zana zake kwenye sanduku, akavaa koti, akamwambia Injinia kwamba nyaya zilizobaki zina alama za rangi na hazitampa shida, akatoka. Binti alimwita, "Mjomba!" lakini hakugeuka.

"Baba," binti akasema, "umefanya nini?"

Nyumbani habari zilikwisha kufika. Mkewe hakupiga kelele. Angepiga, Kagua angejua pa kuanzia kujitetea. Alimwandalia chakula, akamletea maji ya kunawa, na kila alilotaka kumwambia alilipitisha kwa binti aliyekaa baina yao. "Mwambie baba yako chumvi ile pale." "Mwambie baba yako kaka yangu hajawahi kumdhuru hata paka." Kagua alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Akala, akameza, akajiambia kwamba kusema kweli kuna adhabu yake na yeye ataivumilia.

Tena kweli yenyewe ilionekana kumuunga mkono. Tangu shemeji alipoondoka, paa halikushuka tena. Alilitangaza jambo hilo kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wengi ambao hawakutaka. Kitu kimoja hakukitaja, kwa kuwa hakukifikiria: siku hizo zote paa halikuwa juu ya gari. Lilikuwa limelazwa mezani, Injinia ameliinamia akimalizia nyaya mwenyewe. Lingeshuka liende wapi? Nguzo zilisimama tupu, na grisi ilikwisha kuingia hadi ndani ya vibano.

Siku ya majaribio walilisukuma gari hadi barabara ya nyuma ya chuo, ile inayopita kando ya maghala, iliyonyooka na kujaa viraka. Paa lilirudishwa mahali pake, likalazwa mkao wa mbio. Kati ya kofia ya dereva na paa palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Kagua mwenyewe alikaza vibano vyote viwili, akavijaribu, akarudia. Binti akaingia, akafunga mkanda, akamtazama baba yake na kutabasamu kidogo. Hakuwa amemtabasamia tangu mjomba wake aondoke. Kagua akahisi raha moyoni, na kwa mara moja katika maisha yake tabasamu la mtu halikumtia wasiwasi.

Gari likaondoka karibu bila sauti. Likapita ghala la kwanza, la pili, likaongeza mwendo. Kwenye kiraka kilichoinuka likaruka kidogo, na Kagua, ambaye hakuwa anatazama kitu kingine duniani, akaona upande wa nyuma wa paa ukizama. Haukuanguka kwa kishindo. Ulishuka polepole, ukaikalia kofia ya binti na kukiinamisha kichwa chake hadi hakionekani tena.

Kagua alikimbia. Alikuwa mtu mzima mwenye goti bovu, lakini aliwaacha wanafunzi. Gari liliyumba kulia, likayumba kushoto, likatoka barabarani, likakwaruza changarawe na kusimama karibu kabisa na ukuta wa ghala. Walipofika, mkono mmoja wa binti ulikuwa kwenye usukani na mwingine umeikamata nguzo nyuma ya bega lake, ukilisukuma paa juu kwa nguvu zote. Wakaliinua. Akatoka nje amejishika kisogo.

"Umeumia? Mwanangu, umeumia?"

"Shingo tu." Akautazama ule mkono wake mwingine, kisha akaufungua mbele ya uso wa baba yake. Kiganja kizima kilikuwa cheusi, kinang'aa. "Baba, hii si grisi?"

Injinia akapitisha kidole kwenye bomba, akakinusa. "Ni grisi," akasema. "Imejaa mpaka ndani ya kibano. Nani amepaka grisi hapa?"

Kagua alikitazama kile kiganja. Mlinzi, bwana wa miwani, mtu wa glavu, wote aliokuwa amewaweka kizimbani kichwani mwake wakaondoka mmoja mmoja, akabaki yeye peke yake. Alifikiria kunyamaza. Alifikiria kweli.

"Mimi," akasema.

Akaeleza yote: mstari, mtego, tochi, kitambaa cha asubuhi. Injinia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Fundi, kila wanafunzi waliposhusha paa, bomba lilikuwa linaibeba hiyo grisi kuiingiza kwenye kibano. Na ulivyofuta, hukuimaliza."

"Lakini siku ya kwanza," Kagua akang'ang'ania, "siku ya kwanza sikuwa nimepaka kitu. Siku ile nani alilishusha?"

"Ni mimi," binti akajibu. "Jioni ile nilitaka kulifunika gari, turubai likawa fupi; nikashusha paa, bado turubai halikufika, nikaliacha hivyo. Ungeniuliza ningekwambia hapo hapo."

Kagua akaketi juu ya changarawe. Aliona haya, haya za kweli, zile za kuchoma masikio, na chini ya haya palikuwa na hofu, kwa sababu ukuta wa ghala ulikuwa pale pale mbele yake na aliweza kuunyooshea mkono.

"Mimi sipandi tena," binti akasema juu ya kichwa chake, "mpaka mjomba aje akaze hivyo vibano kwa mkono wake. Na wewe, Baba, uwe umekaa ndani, chini ya paa, wakati anavikaza."

Shemeji alikuwa nyumbani kwake, sebuleni, mbele yake pasi iliyofumuliwa. Kagua alibisha hodi, akaitikiwa, akabaki mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemwambia apite.

"Umekuja kukagua nini?" shemeji akauliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kusema nimekosa. Hukushusha paa, shemeji. Ni mimi, kwa grisi yangu mwenyewe. Leo limemshukia mtoto barabarani."

Bisibisi ikamponyoka shemeji. "Yuko wapi?"

"Mzima. Yuko kwa mama yake. Shingo inamuuma tu."

Shemeji akashusha pumzi, akajifuta uso kwa mkono mzima. "Miaka yote hii naingia kwako bila kubisha. Nimekula kwako, nimelala kwako. Ulishindwa kuniuliza swali moja?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Kagua alilifikiria swali hilo kwa moyo mweupe. "Niliogopa utasema hapana," akajibu, "na mimi nisikuamini."

"Basi ukaona heri unihukumu kabisa, tusipoteze muda."

Kagua akamweleza sharti la binti. Shemeji alirudisha skrubu za pasi mahali pake, moja baada ya nyingine.

"Nitakuja kwa ajili yake," akasema. "Tuelewane hapo."

"Tumeelewana."

Kesho yake mabomba yalisuguliwa kwa spiriti, ndani na nje, hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Kagua akasukumizwa garini, magoti karibu na kidevu, kofia ya binti imembana utosini. Paa likashushwa juu yake. Kutoka pale alipokaa hakuweza kuviona vibano. Vilikuwa nyuma ya mabega yake, kimoja huku kimoja kule, na shingo haikugeuka. Alichosikia ni pumzi ya shemeji, na mkono wa kibano ukifungwa upande wa kulia. Halafu kimya. Halafu upande wa kushoto. Ameukaza mpaka mwisho? Mtu aliyevunjiwa heshima mbele ya watu, na aliyemvunjia heshima amefungwa mkanda chini ya paa? Kagua aliyawaza hayo, akajichukia kwa kuyawaza, na akaendelea kuyawaza. Mkono wake ulikuwa umeanza kutambaa kuelekea nguzo.

"Nimemaliza," shemeji akasema. "Utakagua?"

Kila mtu alingoja: Injinia, wanafunzi, binti, na hata mkewe, aliyekuja akasimama mbali amekunja mikono. Kagua aliurudisha mkono wake mapajani, akaushika kwa ule mwingine.

"Hapana," akasema. "Wekeni mizigo."

Wakaweka mfuko wa mchanga juu ya paa, wakaweka mwingine, na mwingine tena. Wanafunzi wakalishika gari pande zote na kulitikisa hadi meno ya Kagua yakagongana. Paa halikushuka hata kidogo. Alitamani kulia, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona huko chini, alilia kidogo.

Walipomfungua alitoka kwa shida, goti limekufa ganzi. Akamnyooshea shemeji mkono. Shemeji akaupokea, akautikisa mara moja, akauachia. Binti alikwisha kuvaa kofia, mguu mmoja tayari ndani ya gari.

"Ngoja kwanza, mpwa wangu," shemeji akamzuia. Akamgeukia Kagua. "Huko ndani hukugusa kitu?"

"Sikugusa, shemeji."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Kisha akachutama nyuma ya kiti, akawasha tochi, akapitisha kidole kwenye bomba la kulia na kukitazama, akakijaribu kibano, akahamia upande wa kushoto. Kagua akasimama kando, akangoja amalize.